Kiganja Juu ya Chuma

Rafiki yangu, wewe unayeanza kazi ya kuchonga chuma na mashine ya kompyuta, vuta kiti ukae karibu. Naongea na wewe kama mtu ninayemwamini, kwa sababu haya mambo siwezi kumwambia mtu ambaye atasikiliza nusu akimbilie simu yake. Mimi nimeshaacha kazi. Mgongo ulikataa kubeba vyuma, na sasa niko nyumbani, huku nje ya Eldoret, na ng'ombe wangu na kuku. Watu wananiita Mama Chela. Ukiniona sokoni huwezi kudhani nimesimama mbele ya CNC, hii mashine ya kompyuta, miaka mingi hivyo.

Nataka kukuambia juu ya kitu kimoja tu, kile kitu cha kwanza kompyuta inakuuliza kabla ya kazi, na vile kilimnyang'anya Mzee Tuwei jicho. Mzee Tuwei ndiye alinifundisha. Alikuwa na jicho moja. Lile lingine lilienda zamani akiwa kijana, na cheche ya grinda, wakati huo watu walikuwa wanafanya kazi bila miwani na wanajisifu. Kwa hivyo nikikuambia alipoteza jicho, elewa ninasema nini.

Wacha nianze na lile swali lenyewe. Ukishamaliza kuchora kazi yako kwa kompyuta, programu inakuuliza: stock yako ni gani? Stock ni ile kipande ya chuma vile iko kabla kisu hakijaigusa. Urefu wake, upana wake, kimo chake, imelala namna gani. Unaona kama ni swali la kujaza tu upite uende kwa mambo makubwa. Si hivyo. Mashine haina macho. Haijui kuna nini mbele yake, inajua tu kile umeiambia. Pale umesema kuna chuma, inaingia polepole ikikata. Pale umesema hakuna chuma, inaona hapo ni hewa, na kwa hewa hii mashine inakimbia. Inakimbia kuliko mkono wako unavyoweza kufika kwa kile kifungo chekundu cha kuisimamisha.

Sasa, karibu kila mtu anayeanza anabonyeza ile njia rahisi. Programu inachukua umbo la kazi iliyoisha, inachora boksi kuizunguka, inaongeza milimita moja kila upande, na inakuonyesha boksi safi kama sabuni mpya. Unafurahi. Unaona kisu kikicheza kwa skrini, kila kitu kijani. Hata mimi kwa masomo ya jioni nilifundishwa hivyo, na mwalimu hakukosea, kwa sababu kule tulikuwa tunapewa vipande vya mbao vilivyokatwa na msumeno, pande zote sawa.

Lakini ndugu yangu, hiyo boksi umechorewa kutoka kwa kile unataka kutengeneza. Haikutoka kwa kile kiko mkononi mwako.

Na hapa kwetu, kile kiko mkononi ni nini? Kabla ya kuingia karakana nilikuwa nachambua vyuma vikuukuu kwa mtu wa scrap, barabara ya kwenda Kapseret. Najua vyuma za huku zinatoka wapi. Ni chesi, ile fremu ya chini ya lori, iliyokatwa na gesi. Ni sahani nene ya tangi la zamani. Moto wa gesi unaacha kingo kama mkate uliomegwa na mtoto: hapa pamebonyea, pale pameinuka, na pale fundi wa gesi alisimama kidogo kupangusa jasho, chuma iliyeyuka ikajikusanya ikawa kilima. Hiyo si boksi. Hakuna programu imewahi kuona hicho kilima.

Mzee Tuwei aliita hivyo hivyo, kilima. Na kwa sababu ya lile jicho moja, hakuwa anaamini kuona. Mtu wa jicho moja akiangalia kitu hajui vizuri kiko karibu au mbali. Basi yeye alikuwa anaweka kiganja juu ya chuma na kukipitisha polepole mpaka ule upande wa nyuma ambao huoni ukisimama mbele ya mashine. Wapya walikuwa wanadhani anaibariki.

Kutoka kwa hiyo shida yake akatuwekea desturi. Mtu mmoja anakaa kwa kompyuta, mwingine anasimama kwa kipande na rula na vernia, kile kipimo cha kubana. Yule wa kompyuta anauliza, na haruhusiwi kutaja namba hata moja. Anauliza tu. "Urefu?" Yule wa kipande anapima, anajibu. "Upana?" Anapima, anajibu. "Kimo?" Hapo anapima kona zote na katikati, na anasema ile kubwa kushinda zote, hasemi ya wastani. "Kilima?" Anapitisha kiganja, mbele na nyuma, anasema kiko wapi na kimeinuka kiasi gani. "Imeshikwa?" Anatikisa kwa nyundo ya mpira, anasema imeshikwa. Halafu Mzee anasema, "Mungu atuchunge," na sisi wote tunaitikia, "Amina." Ndio mtu anabonyeza.

Ilikuwa inachukua muda. Tuliipenda. Ochieng', rafiki yetu aliyekuja kutoka upande wa Kisumu, alikuwa anasema hii karakana ndio kanisa la pekee ambalo hawapitishi sahani ya sadaka.

Huyo Ochieng' alitufunza kosa la upande ule mwingine. Siku moja aliandika kimo mia moja na arobaini badala ya arobaini. Mashine ikawashwa, kisu kikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, juu kabisa, hakuna kitu kinaguswa. Ilikuwa inakata chuma ambayo iko kwa akili ya Ochieng' peke yake. Mzee Tuwei alivuta ndoo akaigeuza, akakaa juu yake, akaangalia vizuri sana.

"Ochieng'," akasema, "hiyo hewa unaichonga iwe nini?"

"Ni order maalum, Mzee. Kuna watu wameomba upepo."

"Basi usiwaharibie vipimo."

Tulicheka mpaka chai. Lakini Mzee alipoinuka kwa ile ndoo aliniambia kitu ambacho bado nakitumia. Ukikosea stock kwa kuzidisha, unapoteza mchana. Ukikosea kwa kupunguza, unaweza kupoteza mtu. Kwa hivyo kama huna hakika, zidisha, na uvumilie kuchekwa.

Kuna mambo mengine madogo, nitakupa hapa nikikumbuka. Ukichonga shafti, usiache programu ikuchoree boksi. Iambie ni ya duara, uipe kipenyo ulichopima mwenyewe. Ukigeuza kipande uchonge upande wa pili, stock si ile ya kwanza tena, ni ile iliyobaki. Wengi wanasahau hapo, wanaiambia mashine bado kuna chuma pale ilishakatwa. Usipake chuma maji kabla ya kupima, paka chaki, ndio uone pale pameinuka. Na kilima ukikipata, usijadiliane nacho. Chukua grinda ukitoe, halafu upime tena kama hujawahi kupima.

Na sifuri. Sifuri ni pale mashine inaanza kuhesabia. Kama juu ya kipande hapako sawa, usiweke sifuri juu. Iweke chini, pale kipande imelalia, kwa sababu huko chini hakudanganyi.

Sasa nifike pale sitaki kufika.

Ilikuwa wakati wa mavuno ya mahindi. Wewe ni wa huku, unajua vile inakuwa. Kila mtu anataka mashine yake ya kupukuchua itengenezwe leo, na vinu vya kusaga vinavunjika kila upande, kuanzia Sugoi mpaka Burnt Forest. Tulipata kazi ya kuchonga nyumba za bearing, zile vyuma bearing inakaa ndani yake, nyingi, zote za aina moja. Chuma ilikuwa ni sahani moja kubwa nene, imekatwa na gesi vipande vipande, na kwa kweli huyo fundi wa gesi alikuwa na mkono mzuri. Vipande vilikuwa vinafanana.

Kwa kompyuta alikuwa Dan. Dan alikuwa mpya, mtoto wa watu, mpole, mwepesi wa kushika. Nakuomba usimweke kwa akili yako kama mtu mbaya. Kwa kipande alikuwa Ochieng'. Mimi nilikuwa kwa mashine ya kutoboa, hatua chache kutoka kwao. Mzee Tuwei alikuwa kule mwisho akinoa vitu vyake.

Vipande vya kwanza, desturi ilifuatwa vile ilivyo. "Kimo?" "Arobaini na mbili." Kipande kinachofuata. "Kimo?" "Arobaini na mbili." Kinachofuata, vile vile. Ukiimba wimbo mmoja mara nyingi, mdomo unaanza kutangulia. Kufika mchana nilisikia Dan akiuliza, "Kimo arobaini na mbili?" na Ochieng' akajibu, "Ndio." Halafu, "Hakuna kilima?" "Hakuna." "Imeshikwa?" "Imeshikwa, baba, twende." Kila jibu lilikuwa la kweli. Walikuwa wanapata kazi safi. Na mimi pale kwangu nilikuwa nasikia zile sauti zao zikiitana na moyo unatulia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya zile sauti, kutuliza mtu.

Angalia vile ilibadilika, kwa sababu hakuna aliyeamua kuibadilisha. Dan alipokuwa anauliza "Kimo?" Ochieng' alilazimika kwenda kwa chuma kutafuta jibu. Dan alipoanza kuuliza "Kimo arobaini na mbili?" jibu lilikuwa limeshakuja na swali. Mtu anajibu akiwa anapangusa mikono.

Saa ya alasiri wakaweka kipande cha mwisho wa ile sahani. Mwisho wa sahani ndipo fundi wa gesi huzima moto. Hapo chuma ilikuwa imejikusanya upande mmoja, kilima kama kidole gumba, na Ochieng' alipokishika kipande kwa vaisi, kile kibano cha mashine, huo upande ulienda nyuma. Mbele palikuwa safi kabisa. Dan akagusisha kisu kwa kona ya mbele, akapata sifuri yake.

"Kimo arobaini na mbili?"

"Ndio."

"Hakuna kilima?"

"Hakuna."

"Imeshikwa?"

"Imeshikwa."

"Amina," wakasema wote wawili, na Mzee hata hakuwa amesema Mungu atuchunge.

Alisikia. Kule mwisho alisikia, akaweka chini kile alikuwa anashika. Nilimwona akija, mwendo wake ule wa kuelekeza uso upande wa jicho. Akapita karibu na mimi, akasema, si kwa hasira, "Hawa wamejibu haraka."

Dan alikuwa amebonyeza. Mzee akafika kwa mashine, akainama kwa dirisha lake la kuchungulia, karibu sana, kwa sababu hakuwa na namna ingine ya kuona ndani. Nakumbuka mkono wake ukiinuka. "Simamisha," akasema. "Dan, simamisha."

Kisu kilikuwa kinapita upande wa nyuma, na huko nyuma kompyuta ilijua ni hewa.

Sitakueleza ile sauti. Ukikaa kwa hii kazi utaisikia siku moja kwa kazi ndogo, na utanielewa. Kisu kilivunjika, na lile dirisha halikuwa lile lililokuja na mashine. Lile la kwanza lilikwaruzwa likaharibika, likawekwa kioo cha kawaida. Kipande cha kisu kilitoka nacho, kikapita chini ya miwani ya Mzee.

Hakulia. Alikaa chini sakafuni kwenye zile nyuzi za chuma, akashika uso. Nilipofika kwake aliniuliza, "Mama, taa zimezimika?" Zilikuwa zinawaka zote. Nilimwambia, "Mzee, wacha tushikane mikono." Ochieng' alikuwa anarudia, "Nilisema hakuna. Mimi ndio nilisema hakuna." Dan alikuwa bado ameshika kile kifungo chekundu, amekibonyeza mpaka mwisho, hakiachilii.

Daktari alituambia kesho yake. Jicho halikuwa la kuokolewa.

Nilikaa na hilo jambo mbele ya Mungu, na sitakudanganya kwamba nilijibiwa haraka. Kilichoniuma si kwamba tuliacha kuomba. Tuliomba. Tulisema Amina. Ila tuliitikia kabla hatujasikia tunaitikia nini. Tangu wakati huo hata kanisani, mhubiri akiharakisha, mimi nanyamaza mpaka nielewe ameomba nini. Watu wa kwaya wanadhani nimekuwa mgumu wa moyo.

Karakana ilifungwa kidogo, ikafunguliwa. Dirisha likawekwa lile linalofaa. Hakuna mtu aligusa kile kipande. Kilibaki kwa vaisi vile vile, na mimi ndiye nilikitoa. Nilipitisha kiganja mpaka nyuma, kilima kilikuwa pale kinangoja. Mtoto mdogo angekipata kwa kidole.

Baadaye Mzee Tuwei aliporudishwa nyumbani kwake Sugoi, akatuma neno kwamba twende sisi watatu, na tusije mikono mitupu. Tulibeba sukari na majani ya chai. Dan hakutaka kwenda. Ochieng' alimwambia, "Twende, buda. Mimi mwenyewe miguu inakataa, lakini nitaiburuta." Ochieng' alikuwa amepungua, mashati yanamwogelea. Mzaha ulikuwa umemwisha.

Tulimkuta amekaa nje kwa kiti, juani, kitambaa usoni. Mke wake akatuletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Tukasalimiana. Halafu Mzee akauliza, "Mlikuja nayo?"

Hatukuelewa. "Nini, Mzee?"

"Ile kipande. Nilisema msije mikono mitupu."

Mimi nilikuwa nayo. Sijui kwa nini nilikuwa nimeibeba, ilikuwa kwa kikapu chini ya sukari, imenivunja bega njia yote. Nikaitoa nikamwekea magotini. Akaweka kiganja juu. Akakipitisha polepole, vile vile alivyokuwa akifanya siku zote, kuanzia mbele kurudi nyuma, na pale nyuma kikasimama.

"Ni hapa," akasema.

Dan alianza kulia. Hakulia kwa sauti, mabega tu. Mzee akageuza uso upande wake.

"Dan, kijana wangu. Niulize."

"Mzee, siwezi."

"Niulize vile tulikuwa tunauliza. Usinipe namba."

Tulingoja. Ng'ombe walikuwa wanakuja kutoka mtoni, na Dan akapangusa uso na kiganja. Mwishowe akasema, "Kimo?"

Mzee Tuwei akageuka upande wa nyumba. Aliitisha kijiti kwa mke wake, akakisimamisha kando ya kona ya kwanza, akaweka alama na ukucha. Kona ya pili. Ya tatu. Ya nne. Katikati. Halafu juu ya kilima. Alichukua muda mrefu sana, na hakuna mtu alithubutu kumharakisha. Halafu akampa Dan kijiti mkononi, kidole chake kikiwa bado juu ya ile alama ya juu kabisa.

"Hii," akasema. "Andika hii."

Dan yuko kazini mpaka leo. Ochieng' alirudi kwao, na simlaumu. Mzee Tuwei yuko, anaenda kanisani akishikwa mkono, na mimi humtembelea nikipata nafasi. Hajawahi kuuliza ilikuwa makosa ya nani. Swali lake ni lile lile kila mara: hawa wapya, bado wanauliza vizuri?

Sasa wewe ndiye mpya. Hii habari usikae nayo. Kuna mtu unamjua anaanza hii kazi, pengine kesho, pengine kwa mashine iliyo kando ya yako. Mpelekee. Lakini usimpelekee majibu. Kabla hajabonyeza, muulize stock yake ina kimo gani, halafu nyamaza. Nyamaza mpaka ainuke kwa kompyuta, aende kwa chuma, na umwone amepeleka kiganja mpaka nyuma.